Hesabu Siku za Kulala, Si Idadi ya Nchi

Mzazi mwenzangu, ukiletewa ratiba ya ziara ya Ulaya, usianze na bei wala zile picha za mbele. Anza kwa kuhesabu mtalala siku ngapi katika kila mji. Kama ni mji mmoja, usiku mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, basi hiyo safari iache, hata wakikuambia imeandaliwa kwa ajili ya familia. Haiwafai matineja, na wao wakiikataa mimi nitasimama upande wao.

Likizo ya Agosti inapokaribia hapa Nairobi, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa matangazo: nchi saba kwa siku kumi, lipa kidogokidogo. Naelewa kwa nini yanavutia. Mtu amejinyima miaka akiweka akiba kwenye SACCO, na anajua familia huenda isirudi Ulaya tena. Lazima atamani kuona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Lakini ukiichambua ratiba ya namna hiyo, utakuta sehemu kubwa ya pesa yako imekwenda barabarani. Kutoka Paris hadi Lucerne kule Uswisi ni zaidi ya kilomita 600 kwa basi, mbali kuliko Nairobi hadi Mombasa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na hilo ni jambo jema, ila maana yake ni kwamba siku nzima imeishia kitini. Kesho yake mnapanda tena.

Kijana aliyebalehe ana shida nyingine ambayo waandaaji wengi hawaifikirii. Saa ya mwili wake imesogea. Homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo usingizi humjia akiwa amechelewa na asubuhi huamka kwa taabu. Huo si uvivu, ndivyo mwili ulivyo katika umri huo. Sasa mpe ratiba inayotaka masanduku yawe nje ya mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku tano mfululizo, halafu umlaumu kwamba alilala basini mkipita Ubelgiji!

Binti wa kaka yangu ana miaka 15. Tulipompa mojawapo ya ratiba hizo aisome, alichukua kalamu akapigia mstari kila palipoandikwa muda huru. Alipata muda wa saa mbili tu, mjini Brussels, na hizo ndizo zilikuwa pia za kula chakula cha mchana. Kisha akauliza, "Shangazi, huko Paris hoteli iko wapi hasa?" Tukaitafuta kwenye ramani ya simu. Iko kandokando ya barabara kuu, nje kabisa ya mji, hakuna kituo cha treni karibu wala mahali pa kwenda kwa miguu. Tangazo lilisema tu kwamba ni hoteli ya nyota nne. Sikuwa nimefikiria kuuliza hilo, na sasa ndilo swali ninalowaambia watu waulize kabla ya mengine yote. Nusu ya kwanza ya Agosti jua la Paris huzama baada ya saa tatu usiku. Hizo ndizo saa ambazo kijana amechangamka, anataka kutembea, kula krepu, kukaa ukingoni mwa mto Seine na kutazama watu wa rika lake. Ukimfungia kwenye hoteli ya barabarani, umemnyima kile hasa alichokifuata.

Simaanishi kwamba mwongozaji hana kazi. Mwongozaji mzuri asubuhi ni hazina. Mtoto ataingia Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, aelezwe jengo lilivyojazwa watu na kumwagwa kupitia milango yake mingi, na hatalisahau. Ila uliza kama mnaingia au mnapita nje kwa basi, maana ratiba nyingi hutaja jina la mahali bila kusema tikiti imelipiwa. Uliza pia unalipia nini. Louvre, jumba la makumbusho la Paris, na Colosseum hazitozi kiingilio kwa walio chini ya miaka 18, hata wakitoka Kenya. Kama kifurushi kina bei ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 14, una haki ya kuambiwa tofauti hiyo inakwenda wapi. Na utazame siku: Louvre hufungwa Jumanne, kasri la Versailles Jumatatu.

Kuna mahali pamoja ambapo ningependa kila tineja apaone, nalo ni nyumba ya Anne Frank, Amsterdam. Anne alikuwa msichana Myahudi aliyejificha Wanazi wasimkamate. Alipewa shajara yake alipofikisha miaka 13, akaandika akiwa mafichoni na familia yake kwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto wa umri huohuo akisimama katika vyumba vile, huna haja ya kumhimiza asikilize. Tikiti huuzwa mtandaoni pekee, hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, nazo huisha haraka. Ziara ya kupita Amsterdam kwa nusu siku ina nafasi ndogo sana ya kuwafikisha humo.

Viza nayo inataka ratiba iliyotulia. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mkilala mahali pengi kwa usawa, ni nchi mtakayoingia kwanza. Kuanzia miaka 12 mtoto hulipa kama mtu mzima, yuro 90, na alama za vidole huchukuliwa. Viza ikikataliwa ada hairudi. Mkiongeza London, hiyo ni viza nyingine, kwa sababu Uingereza haimo Schengen. Anayelea peke yake aandae mapema karatasi za idhini ya mzazi wa pili au za ulezi.

Mimi ningechagua Paris na Amsterdam tu. Siku nne za kulala kila mji, hoteli iliyo karibu na treni, mwongozaji wa asubuhi, jioni mikononi mwa familia. Katikati ni safari ya treni inayochukua saa tatu na kidogo. Ndege za moja kwa moja kutoka JKIA zipo kwa miji yote miwili, kwa hiyo mnaweza kuingilia mmoja na kutokea mwingine. Wakala akisema hana kifurushi kama hicho, mwombe akipange. Hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kabla ya kulipa malipo ya awali, mpe kijana wako ratiba aisome na kalamu mkononi. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa wanaokwenda Agosti, hiyo ni Februari, na miadi ya mapema ndiyo rahisi kupata.