Kampeni za kupinga unyanyapaa: mnamuuliza nani kama zimefanya kazi?

Niliwahi kujitolea kwenye kampeni moja ya kupinga unyanyapaa kwa watu wenye magonjwa ya akili, sitaji jina lake maana wenyewe bado wapo na nia yao ilikuwa njema. Tuligawa tisheti, tukapiga picha, tukaposti, mwisho ikatoka ripoti imepambwa kweli kweli inasema watu elfu kadhaa "wamefikiwa". Mi nikauliza kufikiwa ndo kufanyaje, nikajibiwa ni jumla ya waliopita eneo la tukio na walioona posti zetu mtandaoni. Sasa mtu aliyepita mbio anawahi basi, hata bango hajalisoma, na yeye kafikiwa? Nikaambiwa nipunguze maswali.

Rafiki yangu mmoja ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana, na yeye alichukua tisheti akaivaa kazini. Wenzake wakamsifia, bosi akapiga nae selfi. Mwezi uleule ikatokea nafasi ya kupanda cheo ambayo kila mtu alijua ni ya kwake, akapewa mwingine, na alipouliza akaambiwa kwa upole kabisa kwamba wameona wasimpe presha. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwita chizi. Na ukimpelekea yule bosi dodoso leo atajaza vizuri mno, anawaheshimu wagonjwa, anaamini wanapona, yani atakuwa ushahidi tosha kwamba kampeni imefaulu.

Hapo ndo ninapogombana na hizi kampeni. Sio kwamba zisifanyike, zifanyike, ila zinapimwa kwa kumuuliza mtu asiye na ugonjwa anajisikiaje kuhusu wagonjwa, na yule aliyelengwa kusaidiwa hakuna anayemuuliza kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sasa sisi tunaenda kumuuliza jirani kama kitanda kina kunguni.

Kuna profesa Mwingereza, Graham Thornicroft, aliugawa unyanyapaa mafungu matatu: kutojua, chuki moyoni, na ubaguzi wa matendo. Mgawanyo rahisi lakini unasaidia sana, kwasababu kampeni nyingi zinashughulika na la kwanza, zinapima la pili, alafu zinatangaza zimemaliza la tatu. Na hayo matatu hayatembei pamoja kama watu wanavyodhani. Unaweza kujua kila kitu kuhusu skizofrenia, ule ugonjwa ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, na bado hutaki mwenye skizofrenia apange chumba cha jirani.

Ushahidi wa hilo uko wazi na sio wa jana. Mwaka 1951 huko Saskatchewan, Kanada, wanandoa wawili watafiti, Elaine na John Cumming, waliingia kwenye mji mdogo na kampeni ya miezi sita, filamu, redio, vikundi vya majadiliano, wakifundisha kwamba kati ya mtu mzima kiakili na mgonjwa hakuna ukuta, ni mstari mmoja tu na kila mmoja wetu yuko mahali fulani juu yake. Ujumbe mzuri, mpaka leo unatumika. Wenyeji mwanzoni walikuwa wakarimu, lakini taratibu wakaanza kuwakwepa, vikao vikapoa, mwisho wakawaonyesha wazi kwamba waondoke. Na walipopima, mtazamo haukuwa umebadilika. Ukifikiria vizuri utawaelewa wale watu, umekuja kumwambia mtu kwamba yeye na yule anayemuogopa ni kitu kimoja, umemtisha, hujamfundisha.

Nachowapendea hao wawili ni kwamba walipima kabla na baada, na majibu yalipokuja mabaya wakayaandika hivyohivyo kwenye kitabu mwaka 1957. Sijui leo ni taasisi gani yenye mfadhili inaweza kuthubutu.

Baadae likaja wimbi la "huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine". Hili nililiamini kabisa, na nimelihubiri sana. Ubongo umepata hitilafu, kama kongosho kwa mwenye kisukari, kwahiyo hakuna wa kulaumiwa. Marekani walilinganisha majibu ya wananchi ya mwaka 1996 na ya 2006, na somo lilikuwa limeingia kweli, watu wengi zaidi walikubali kwamba chanzo ni ubongo na waliunga mkono matibabu. Ila walipoulizwa kama wangekubali kufanya kazi na mtu huyo, au aolewe kwenye ukoo wao, kukataa kulikuwa palepale. Kumbe ukimwambia mtu kwamba fulani ubongo wake ndo ulivyo, unamuondolea lawama sawa, lakini pia unampa sababu ya kuamini kwamba fulani hatabadilika na hatabiriki. Mimi na tisheti yangu sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Mwaka 2018 walipouliza tena, kwa sonona watu walikuwa wamelegea, kukataa kumepungua na hilo ni jambo la kushangilia. Kwa skizofrenia hofu kwamba mgonjwa ni hatari ilikuwa imeongezeka. Sasa kampeni inayosema kwa ujumla "afya ya akili" inaweza kujisifia kwa ile ya kwanza na kuificha ile ya pili chini ya mkeka, na ndo kinachofanyika, angalia tu sura zinazowekwa kwenye mabango, siku zote ni kijana mtanashati mwenye huzuni dirishani. Mgonjwa anayesikia sauti hayupo kwenye bango, na yeye ndo anayenyanyapaliwa kuliko wote.

Turudi kwenye vipimo maana ndo hoja yangu. Mfano ninaouheshimu ni kampeni ya Time to Change ya England, iliyoendeshwa na mashirika mawili, Mind na Rethink Mental Illness, matangazo yakaanza Januari 2009 na ikafungwa Machi 2021. Hawa waliuliza wananchi kama kawaida, lakini pia waliwapigia simu watu wanaotumia huduma za afya ya akili wakawauliza kitu kimoja cha maana, mwaka uliopita umetendewaje? Na familia, na marafiki, kazini, kwenye mapenzi, hospitalini. Mwaka 2008 waliosema wamebaguliwa angalau sehemu moja walikuwa asilimia 91. Mwaka 2011, baada ya matangazo kurushwa nchi nzima, walikuwa asilimia 88.

Asilimia tatu. Wengine wakisoma hapo wanacheka, wanasema hela zimeliwa bure. Mimi nimekaa nayo hiyo namba muda mrefu na naiona ni ya kweli kuliko zote nilizowahi kuona kwenye ripoti za aina hii. Kwanza "angalau sehemu moja" ni kipimo kikali, ukibaguliwa na mjomba tu mwaka mzima tayari umo. Pili ukifungua ndani unakuta sehemu kama familia na marafiki zilishuka vizuri, huku wahudumu wa afya ya akili wenyewe hawakubadilika cha maana. Soma tena hapo, daktari na nesi! Bila kumuuliza mgonjwa hilo usingelijua milele, maana ukimpa daktari dodoso la mtazamo unategemea atajaza nini?

Na wala sisemi utafiti wao hauna kasoro. Waliokubali kujibu walikuwa sehemu ndogo sana ya waliotumiwa barua, na kampeni ikishakuwa ya nchi nzima huna kundi la pembeni la kulinganisha nalo, kwahiyo ukiona badiliko huwezi kuapa ni la kwako. Labda ni uchumi, labda ni msanii fulani kajitokeza kusema anaumwa, labda ni habari mbaya kwenye magazeti. Hiyo ya mwisho sio utani. Ujerumani mwaka 1990 wanasiasa wawili, Oskar Lafontaine mwezi Aprili na Wolfgang Schäuble mwezi Oktoba, walishambuliwa na watu wenye ugonjwa mkali wa akili, na watafiti waliokuwa wanafuatilia maoni ya wananchi waliona hamu ya kujitenga na wenye skizofrenia ikipanda ghafla, na miaka miwili baadae ilikuwa haijarudi ilipokuwa. Miaka ya mabango inaweza kufutwa na wiki moja ya vichwa vya habari, na kama unapima mara moja tu mwishoni mwa mradi hutajua ulisimama wapi.

Kuhusu nini kinafanya kazi sitakaa sana maana hapo ushahidi unakubaliana kuliko sehemu nyingine. Ni kukutana. Mtafiti Mmarekani Patrick Corrigan na wenzake mwaka 2012 walijumlisha tafiti 72 zenye washiriki zaidi ya 38,000 kutoka nchi 14, wakakuta kwa watu wazima kukutana na mtu aliyepitia ugonjwa kunashinda mafundisho, na uso kwa uso kunashinda video, ingawa kwa vijana mafundisho yalifanya vizuri zaidi. Kanada na mpango wao wa kupinga unyanyapaa, Opening Minds, ulioanza 2009 wakaona bora waachane na matangazo ya jumla, wakaenda kwa makundi maalum, wahudumu wa afya, vijana, sehemu za kazi, waandishi wa habari, na kila mahali anakuja mtu aliyewahi kuumwa anaongea mwenyewe. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet nayo mwaka 2022 ikarudia hilohilo. Tatizo ni kwamba kukaa na watu ishirini chumbani hakupendezi kwenye ripoti, mfadhili anataka maelfu, na ishirini waliobadilika kweli wanashindwa na elfu kumi waliopita njia.

Ningekuwa na sauti kwenye hizo ofisi ningeomba pesa ya kupima itengwe kabla ya pesa ya tisheti, na kabla hata ya uzinduzi watafutwe wagonjwa mia mbili waulizwe mwaka wao ulikuwaje, alafu mwaka unaofuata, na unaofuata, hata kampeni ikiwa imeshakufa. Waulizwe na hayo ya upole pia, ya kunyimwa majukumu "kwa ajili yako", maana kwenye fomu nyingi hayana hata kiboksi chake.

Juzi nilimsimulia rafiki yangu haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza kama kwenye wale elfu kadhaa waliofikiwa na yeye alihesabiwa. Nikamwambia ndio, wewe na bosi wako, tena bosi nadhani kahesabiwa mara mbili maana na ile posti aliilaiki.