Daktari wa Kibisi

Kibisi ni ndege wa majini; akitua nchi kavu, amekwisha. Miguu yake imewekwa nyuma kabisa, karibu na pale mkia ungekuwa kama angekuwa na mkia wa maana. Majini miguu hiyo ni kasia za ajabu. Ardhini haimfai kitu: akijaribu kusimama anaangukia kifua, na kuruka hawezi mpaka apate maji ya kukimbilia juu yake huku akipiga mbawa. Hayo nayajua kwa kuwa riziki yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja Naivasha kutazama ndege. Katika ploti tunayoishi, ujuzi huo hauna bei.

Vibisi huhama usiku. Mvua ikinyesha, lami hung'aa, na kutoka juu mtu ungeapa ni maji. Ndivyo alivyoshuka huyu wetu, kwenye barabara ya kando ya ziwa, mbele ya lango. Kijana wa boda akamwokota kabla lori halijafika, akamleta uani. Nilipotoka na mswaki mdomoni, kikao kilikuwa kimeshaanza.

"Bata," akasema keateka, mtunza ploti.

"Si bata," nikasema. "Tazama mdomo, umechongoka. Bata ana mdomo bapa. Shingo hii nyekundu, na hicho kidoa cha manjano pembeni mwa mdomo? Ni kibisi mdogo. Yuko mzima, arudishwe ziwani tu."

"Mzima na hasimami?"

Hapo akajitokeza mzee wa chumba cha mwisho, ambaye huunga watu mifupa. Akamgeuza mgonjwa chali, akavuta mguu mmoja, akauma midomo. "Nyonga zote mbili zimetoka. Tena ona, miguu imerudi hadi makalioni."

"Mzee, ndivyo walivyoumbwa."

"Kijana, wewe umesoma ndege wa wazungu. Mimi nasoma mifupa."

Basi kibisi akafungwa gango. Vijiti vya kuchokolea meno, kitambaa kilichochanwa kwenye leso kuukuu ya Shosho, na mafuta ya kuchua yanayonuka hadi barabarani. Vidole vya kibisi havina ngozi inayoviunganisha kama vya bata. Kila kimoja kina mapezi yake mapana kama majani. Mzee alivikagua kimoja kimoja, akatangaza kwamba vimevimba.

Shosho akaleta ugali. Kibisi akaukataa. Omena naye akaangaliwa tu. Kisha ndege akainamisha shingo, akachomoa unyoya wake mwenyewe kifuani na kuumeza. Uani kukawa kimya.

"Njaa imempanda kichwani," akasema Shosho.

Nikaeleza kwamba vibisi wote hula manyoya yao, tena huwalisha hata vifaranga, na inaaminika manyoya hayo hulinda tumbo dhidi ya miiba ya samaki. Walinitazama kwa huruma. Mama wa chumba cha pili akauliza kama huyo hafai supu kabla hajajimaliza, lakini kibisi mdogo hafikishi robo kilo, tena na manyoya yote. Supu ikafa kwa kukosa hesabu.

Mzee alisema mgonjwa akae wiki mbili. Alipokwenda kunywa chai nikamtia ndege kwenye katoni ya mkate, nikapanda boda hadi Kamere, wanakoshushia samaki.

Katoni ilikuwa imelowa. Niliposhuka na kuinyanyua, nikabaki na kuta nne mkononi. Kitako chake, pamoja na kibisi, kilikuwa kwenye beseni la mama aliyekuwa akiosha tilapia.

Kibisi aligusa maji akazama. Lilikuwa beseni tu, kwa hiyo alizama, akagonga ukuta, akaibuka, akazama tena. Maji yakaruka hadi kwenye karai la mafuta moto, karai likalipuka kwa makelele, wateja wakatawanyika. Mama akaingiza mkono kutafuta ni samaki gani huyo, akadonolewa. Aliyoyasema siyaandiki. Tilapia wawili wakaishia kwenye matope, nikawalipia bei ya mgeni wa kupiga picha.

Nilipomshika hatimaye, gango lilikuwa limevuka lenyewe. Vijiti vilikuwa vikielea kati ya magamba. Nikamwachilia ukingoni, mbali na kiboko aliyekuwa akitutazama. Akabana manyoya, hewa ikatoka, akatitia majini kimyakimya.

Tukasubiri.

"Umemuua," akasema kijana wa boda. "Mlemavu unamtupa kwenye kina?"

Akachomoza mbali sana, kando ya mafunjo, kichwa pekee kikiwa juu. Kisha akatimua mbio juu ya maji, miguu yote miwili ikipiga chapchapchap, akapotea nyuma ya magugumaji.

"Mbona anakimbia hivyo!" Kijana alikuwa ameshatoa simu. "Mzee amemponya!"

Video ilifika kwenye ploti kabla yangu. Mzee aliitazama, akasema gango la wiki mbili limefanya kazi kwa saa tatu kwa sababu ya yale mafuta. Jumamosi nilikuta foleni mlangoni kwake: kuku wawili, njiwa mmoja, na bata wa keateka anayechechemea tangu mwaka jana. Shosho ndiye alikuwa akipokea pesa. Nilipopita akaniita, akaniuliza kama nina katoni nyingine.