Mayai ya Kuchangia: Huruma Inaficha Mengi Kuliko Fedha

Binti wa Mtwara akikutana kwenye simu na tangazo la kutafuta wachangiaji wa mayai ya uzazi kwa wanawake wasiozaa, wakubwa wake huogopa ile fedha anayoahidiwa. Mimi naogopa zaidi maneno matamu ya "zawadi ya umama" na picha ya kichanga. Anayelipwa huuliza kazi yenyewe ni ipi. Aliyeombwa kwa huruma huona haya kuuliza.

Wanaoyatetea matangazo hayo wana hoja ya kweli. Mwanamke asiyezaa husimangwa na mawifi, na wengine yai la mwenzao ndilo tumaini lililobaki. Hata damu huombwa kwa kugusa mioyo.

Ila damu hutolewa kwa dakika chache tu. Mchangiaji wa mayai huchomwa sindano za homoni kila siku, siku 8 hadi 14, ili ovari, yaani vifuko vyake vya mayai, zikomaze mayai kumi au zaidi badala ya moja la mwezi. Ikifuata sindano ya mwisho ya kuyapevusha, saa 34 hadi 36 baadaye hupewa dawa ya usingizi, na sindano ndefu hupitishwa ukeni kuyavuta.

Kinachonisumbua hasa ni wiki inayofuata. Ovari zikichochewa kupita kiasi, maji huvujia tumboni: tumbo hujaa, mkojo hupungua, pumzi hubana, na damu inaweza kuganda mishipani. Hali kali huwapata wachache. Lakini huyu wa kwetu huenda ameshapanda basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kitini, na kukaa hivyo kwenyewe huongeza hatari ya damu kuganda. Akifika hospitali ya Ligula, Mtwara, anatapika, bila karatasi ya dawa na safari ameificha, daktari ataanzia wapi? Tena akirudia ndoo za maji au magunia ya korosho, ovari iliyovimba inaweza kujisokota, na hapo ni upasuaji wa dharura.

Uingereza fidia imewekewa kiwango, pauni 985 tangu Oktoba 2024, na mtoto akifika miaka 18 anaweza kumjua mchangiaji. Kuhusu hilo nalo, binti aambiwe mapema sheria ya mahali anapochangia inasemaje. Aulize pia sindano ya kupevusha ni ipi, maana ile iitwayo agonisti ya GnRH, inayouchochea mwili utoe homoni yake wenyewe, hupunguza sana hatari ya maji kuvujia tumboni kuliko ile ya homoni ya hCG. Atakaa siku ngapi karibu na kliniki. Na akiugua akiwa Mtwara, nani atalipa matibabu. Majibu apewe kwa maandishi kabla ya sindano ya kwanza.