Kufuli bila karatasi: leseni ya duka la pombe ikitiliwa shaka

Duka lenyewe liko nyuma ya stendi ya matatu mtaani kwetu. Ni "wines" kama zilivyo nyingine Nairobi: chumba kimoja, wavu wa chuma kuanzia kaunta hadi darini, na katikati ya wavu tundu la kupitishia noti na chupa. Leseni ya kaunti imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Inamruhusu mwenye duka kuuza chupa ambazo mnunuzi ataenda kunywea kwingine. Lakini ubavuni kuna mlango wa mabati, na nyuma ya mlango huo kuna mabenchi matatu. Saa tatu asubuhi watu wameshaketi. Wazazi walikuwa wakilalamika pia kwamba wavulana wa sekondari huuziwa pale, bora tu wavue sweta za shule.

Jumanne moja chifu alifika na askari wawili, wakafunga duka kwa kufuli. Siku ya kumi na moja kufuli likatoka. Hapakubandikwa tangazo, hakuna mkazi aliyeitwa kueleza alichokiona, na mabenchi yakarudi palepale. Mama anayeuza mboga mkabala na duka hilo alinijibu kwa maneno mawili: "Ameongea nao."

Maneno hayo mawili yananiuma kuliko pombe yenyewe, kwa sababu yanafunga mjadala ambao ulipaswa kuwa wazi. Duka likishukiwa kuvunja masharti, je, leseni yake ipitiwe upya mara moja, au tungoje mahakama imtie mwenye duka hatiani kwanza?

Wanaotaka hatua ya haraka wana hoja nzito, na wengi wao wamezika watu. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu kwenye baa moja. Miaka kumi kabla yake, Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli haina subira: mtu anakunywa jioni, kesho yake haoni, keshokutwa anaandaliwa jeneza. Kumwambia mzazi wa Kangai asubiri kesi itajwe, iahirishwe na itajwe tena ni kumtukana. Halafu kesi zenyewe ni ngumu. Shahidi ni mlevi asiyekumbuka saa, au mtoto ambaye mamake hataki asimame kizimbani akimtazama mtu anayemjua.

Hoja yao ya pili ni ya kisheria, na mimi naikubali. Leseni ni ruhusa ya mwaka mmoja yenye masharti. Haigeuki kuwa mali ya mtu kama shamba. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na inataka baa ikae angalau mita 300 kutoka shuleni. Baa za kawaida imezipangia saa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Aliyepewa ruhusa kwa masharti hawezi kudai kwamba hadi afungwe jela, ruhusa ibaki mikononi mwake.

Upande wa pili, hata hivyo, si wa wahuni peke yao. Wako wafanyabiashara waliokopa kwenye chama ili wajaze rafu, wanaolipia leseni kila mwaka, na ambao hupokea tu chupa zenye stempu ya ushuru inayokubalika ukiipiga skani kwa programu ya Soma Label. Hawa walionja tuhuma Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza wabunge wa Mkoa wa Kati waongoze msako wa pombe haramu. Umati uliingia madukani, ukavunja na kumwaga, na waliokuwa na leseni hawakutenganishwa na wasiokuwa nayo.

Na kuna lile ambalo kila mwenye duka analijua. Anayeshuku mara nyingi ndiye anayepita Ijumaa kuchukua chake. Akikosa chake wiki mbili, duka linaanza "kushukiwa". Tukimpa mtu huyo uwezo wa kufunga kwa neno la mdomo, tumempandishia bei tu. Kangai yenyewe inatufundisha hilo: serikali ilisema pombe iliyoua ilikuwa kielelezo kilichoibwa kutoka kituo cha polisi. Mlinzi ndiye aliyekuwa na stoo.

Nimezipima hoja hizi muda mrefu, na naona pande zote mbili zinabishania kitu kisicho kiini. Hukumu ya jinai inauliza kama mtu huyu alitenda kosa siku ile. Kupitia leseni upya kunauliza kama mtu huyu anafaa kuendelea kukaa nyuma ya kaunta kuanzia kesho. Maswali hayo hayahitaji ushahidi wa uzito mmoja. Uingereza suala hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2016, katika kesi ya baraza la East Lindsey. Mwenye mgahawa mmoja alikuwa amemwajiri mtu asiye na kibali cha kazi na kumlipa mkononi. Hakushtakiwa kwa jinai. Mahakama ilisema kamati ya leseni haikulazimika kungoja hatia, kwa sababu kazi yake ni kutazama mbele na kuzuia madhara.

Lakini kamati hiyo huko haifanyi kazi gizani, na hapo ndipo sisi tumepungukiwa. Chini ya sheria yao ya 2003, polisi, maafisa wa afya, wakaguzi wa biashara au jirani wa kawaida anaweza kuomba leseni ipitiwe upya. Tangazo hubandikwa kwenye duka lenyewe, na kwa siku 28 yeyote anaweza kuandika maoni. Kisha madiwani hukaa na kusikiliza, na mwenye leseni huja kujitetea, na wakili akitaka. Kufuta si silaha yao pekee. Wanaweza kuongeza masharti, kumwondoa msimamizi, au kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu. Nafikiria mabenchi yale ya mtaani kwetu: sharti moja la kuziba mlango wa mabati kwa matofali lingefanya kazi kubwa kuliko kufuli la siku kumi na moja.

Kwa hatari isiyongoja wana njia nyingine. Afisa mwandamizi wa polisi hutia saini cheti kwamba duka linahusishwa na uhalifu mkubwa au vurugu kubwa, na ndani ya saa 48 mamlaka ya leseni inapaswa kuamua kama ichukue hatua za muda, hata kulifunga. Kikao kamili kinafuata ndani ya siku 28. Kuna jina la aliyetia saini na kuna tarehe ya mwisho. Akiwa amesema uongo, anajulikana.

Sisemi tunakili kila kitu. Huko leseni ikifutwa, mwenye duka ana siku 21 za kukata rufaa, na kwa kawaida huendelea kuuza hadi rufaa iamuliwe. Miezi inaweza kupita. Kwa duka lililokutwa likiuzia watoto hilo siwezi kulitetea; lingefungwa wakati wa rufaa, na rufaa ndiyo iharakishwe.

Kwetu msingi upo tayari. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapoathiri haki yake, na sheria ya 2015 ikafafanua jinsi ya kufanya hivyo. Machi 2024, baada ya Kangai, Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki alisimamisha leseni za watengenezaji wa pombe za bei ya chini ili wakaguliwe upya. Naelewa msukumo wake, nchi ilikuwa na matanga. Ila agizo la kwenye runinga haliwezi kumfikia mwenye mabenchi matatu nyuma ya stendi. Huyo anahitaji kamati ya kaunti ndogo inayokaa siku inayojulikana, mahali ambapo yule mama wa mboga anaweza kuingia na kusema alichokiona saa tatu asubuhi, na ambapo mwenye duka naye anaweza kusema, mbele ya watu, nani huja kuchukua pesa siku ya Ijumaa.

Nilimuuliza yule mama kama angekwenda kikao hicho kikiitishwa. Alipanga kwanza mafungu yake ya sukuma, kisha akaniambia angekwenda, lakini si peke yake. Angetaka tuwe wengi, na jina lake lisisomwe kabla ya ya wengine. Akaniuliza tangazo lingebandikwa wapi. Nikamwonyesha mlango wa duka, pale kufuli lilipokuwa limening'inia.