Kodi ya Risasi Inahukumiwa kwa Kazi Isiyo Yake

Mwaka 2013 kaunti ya Cook huko Marekani, ambayo jiji la Chicago limo ndani yake, ilianza kutoza dola 25 kwa kila bunduki au bastola inayouzwa dukani. Juni 2016 ikaongeza kodi ya risasi: senti tano kwa risasi moja, na senti moja kwa zile ndogo kama za .22. Jiji la Seattle, katika jimbo la Washington, nalo lilikuwa limeanza Januari mwaka huohuo kwa viwango vinavyokaribiana. Tangu wakati huo kila mjadala juu ya kodi hizi huanza na swali moja: je, mauaji yamepungua? Jibu linalotolewa mara nyingi ni hapana. Basi mjadala unafungwa na kodi inaandikwa kuwa imeshindwa.

Nadhani swali hilo linaionea kodi hii. Wanaoipinga wana hoja nzito na baadhi yake sioni namna ya kuzijibu, lakini nyingi zinalenga kazi ambayo kodi yenyewe haikupewa.

Tuanze na hesabu yao, maana ni sahihi. Boksi la risasi 50 za milimita tisa linapanda kwa dola mbili na nusu. Mtu anayekwenda uwanja wa shabaha mwisho wa wiki na kumaliza risasi 200 amelipa dola kumi. Anayekusudia kuua anahitaji risasi chache tu, na kodi yake haifiki hata nusu dola. Kwa hiyo anayeubeba mzigo ni yule anayejifunza kutumia silaha yake kwa usalama. Tena silaha nyingi za uhalifu hazipiti kwenye maduka hayo kabisa: ripoti ya jiji la Chicago ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya silaha zilizokamatwa ziliuzwa kwa mara ya kwanza nje ya jimbo la Illinois, na zaidi ya moja kati ya kila tano ilitoka Indiana, jimbo la jirani. Kodi ya Cook haivuki mpaka huo.

Kuna pia suala la nani anaumia. Dola 25 ni zilezile kwa bastola ya dola 200 na kwa bunduki ya dola 2,000. Otis McDonald, ambaye jina lake liko kwenye kesi maarufu ya mwaka 2010 iliyobatilisha marufuku ya bastola Chicago, alikuwa mzee mweusi mstaafu wa upande wa kusini wa jiji aliyechoshwa na wezi waliokuwa wakivamia nyumba yake. Watu wa hali yake ndio wanaoihisi kodi ya kiwango kimoja, kuliko mkusanyaji wa bunduki za kifahari.

Wala hofu yao kwamba kodi inaweza kugeuzwa marufuku haikutoka hewani. Mwaka 1934 bunge la Marekani liliweka kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na shabaha ilikuwa kuzuia. Miaka yetu hii, visiwa vya Mariana ya Kaskazini, vilivyo chini ya Marekani, viliweka kodi ya dola 1,000 kwa bastola moja, na mwaka 2016 mahakama ya shirikisho ikaifuta. Ilikuwa sahihi. Kodi inayozidi bei ya kitu chenyewe haikusanyi mapato, inafunga mlango.

Sasa tuitazame Seattle, kwa sababu huko ndiko kodi hii ilikolazimika kujieleza. Sheria ya jimbo la Washington inazikataza serikali za miji kutunga kanuni zao za silaha. Jiji haliwezi kusema nani auziwe, bunduki ipi, wala ibebwe wapi. Mamlaka ya kodi yalikuwa karibu mlango pekee uliobaki wazi. Vyama vya wenye silaha vilipokwenda mahakamani, hoja yao ilikuwa kwamba hii ni kanuni iliyovishwa vazi la kodi. Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilisema ni kodi halali, kwa kuwa kusudi lake kuu ni kukusanya mapato kwa ajili ya huduma za umma. Yaani kodi hii ilisimama kwa sababu jiji halikuitetea kama kizuizi. Ingetetewa hivyo, ingeanguka. Ndiyo maana nashangaa inapopimwa kwa idadi ya mauaji peke yake.

Mapato kwa ajili ya nini? Jiji lilitoa hesabu ambayo kwangu ndiyo moyo wa suala lote. Mwaka 2014 hospitali ya Harborview, inayopokea majeruhi mahututi wa eneo hilo, iliwatibu watu 253 waliopigwa risasi. Gharama za matibabu pekee zilizidi dola milioni 17, na zaidi ya milioni 12 zililipwa na walipakodi. Gawanya: kila majeruhi aligharimu kwa wastani zaidi ya dola 67,000, na umma ulibeba zaidi ya 47,000 kati ya hizo. Hapo hujahesabu mishahara aliyoikosa, watoto wake, polisi, wala mahakama. Biashara ya silaha ilipata faida yake kaunta, bili ikapelekwa kwa watu ambao hawajawahi kugusa bunduki. Wanaoitetea kodi wanasema biashara hiyo ichangie, hata kama ni kidogo. Sioni ukorofi wowote katika dai hilo.

Kidogo hicho ni kidogo kweli. Jiji lilikadiria kupata kati ya dola 300,000 na 500,000 kwa mwaka. Likapata kama 104,000 mwaka 2016, kama 93,000 mwaka uliofuata, kisha chini ya 80,000 mwaka 2018. Duka moja, Precise Shooter, lilihamia Lynnwood, mji wa jirani usio na kodi hiyo, na mauzo yakaenda nalo. Kibaya zaidi, jiji mwanzoni lilikataa kutaja makusanyo kwa hoja ya kulinda siri za walipakodi wachache, mpaka mhariri wa jarida la wenye bunduki akaenda mahakamani kudai takwimu. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Kodi inayojitetea kwa hesabu haiwezi kuficha hesabu zake.

Lakini hebu tukae na hizo dola 104,000. Ukizipeleka kwenye bili za hospitali, zinafidia mzigo wa umma kwa majeruhi wawili tu. Ni tone. Ila fedha hizo hazikukusudiwa kulipa bili. Zilikusudiwa utafiti na kazi ya kinga, na kazi hiyo huanza kitandani hospitalini, kabla jeraha halijafunga. Watafiti wa Harborview walikuwa wameonyesha kuwa aliyelazwa kwa risasi yuko kwenye hatari kubwa mno kuliko wagonjwa wengine ya kurudi na risasi nyingine. Basi mfanyakazi wa jamii anamfuata wodini, anamsikiliza, kisha anabaki naye kwa miezi: kitambulisho kilichopotea, tarehe ya mahakamani, mahali pa kulala, matibabu ya ulevi, kazi. Laki moja ya dola inaweza kumlipa mtu kama huyo, pengine wawili. Na akifanikiwa kuzuia majeruhi wawili tu wasirudi wodini kwa mwaka, mzigo uliookolewa ni karibu sawa na makusanyo yote ya kodi. Ukiipima hivyo, haionekani tena kichekesho kama inavyoonekana kwenye jedwali la mauaji.

Wenye bunduki wenyewe wanaifahamu hoja hii vizuri kuliko yeyote. Kwa sheria ya mwaka 1937, ushuru wa shirikisho wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi unapelekwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo. Bastola hutozwa asilimia 10. Wawindaji wanajivunia ushuru huo, na wana haki: bata mzinga wa mwituni walikaribia kutoweka sehemu nyingi za nchi, na fedha hizo zilisaidia kuwarejesha. Ni wachache wanaouita shambulio dhidi ya katiba. Ikiwa risasi inaweza kuchangia ndege wa msituni, ni vigumu kunieleza kwa nini isichangie kijana aliyelazwa Chicago.

Siri ya ushuru ule ni kwamba kila mtu anaona ulikokwenda, na hapa ndipo kaunti ya Cook ilipojikwaa. Kwa miaka kadhaa ilitoza kwa jina la waathirika wa risasi, lakini mapato ya silaha yakaingia kwenye mfuko wa jumla wa usalama wa umma, na ya risasi hayakufungwa na programu yoyote ya kupunguza vurugu. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Illinois iliifuta kodi hiyo. Haikuifuta kwa msingi wa haki ya kumiliki silaha. Ilisema tu kwamba huwezi kuwatenga wanunuzi wa kundi moja kwa sababu fulani, kisha fedha zao usizielekeze kwenye sababu hiyo. Mwezi uliofuata kaunti ikarekebisha sheria ili mapato yaende kwenye kuzuia vurugu za silaha. Kwangu, walalamikaji waliifanyia kodi ile hisani kubwa kuliko waliyoifanyia waliokuwa wakiikusanya.

Majimbo yanaonekana kujifunza kutoka kwa miji. California inatoza asilimia 11 tangu Julai 2024, hivyo bastola ya bei nafuu inalipa kidogo na ya kifahari inalipa zaidi. Colorado iliwauliza wapiga kura Novemba 2024 nao wakakubali asilimia 6.5, ambayo sehemu kubwa yake inakwenda kwa waathirika wa uhalifu na nyingine kwa afya ya akili ya wanajeshi wastaafu. Fungu hilo la pili lina maana kubwa katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua, vifo ambavyo bei ya risasi haiwezi kuvigusa hata kidogo. Na tatizo la Lynnwood linapungua kodi inapokuwa ya jimbo zima: sheria ya shirikisho hairuhusu muuzaji wa jimbo moja kumkabidhi bastola mkazi wa jimbo jingine moja kwa moja, ni lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni huko anakoishi mnunuzi. Kinachobaki kudaiwa California na Colorado ni kile Seattle ilichokataa kukitoa: kila mwaka, hadharani, kimekusanywa kiasi gani na kimelipa kazi ya nani.