Uzamili wa ukaazi mfupi: je, unamfaa msanii wa Mombasa?

Kwa wasanii wengi wa Mombasa wenye shahada ya kwanza, azma ya kuendelea na uzamili hukwama mahali pamoja: atakayehama kwa miaka miwili atamwachia nani kazi yake? Mpiga udi asipoonekana kwenye harusi msimu mzima, nafasi yake hushikwa na mwingine, na mbunifu wa leso asiyepeleka michoro kwa wenye maduka wa Mtaa wa Biashara husahaulika upesi. Ndiyo sababu mtindo wa ukaazi mfupi, ambapo mwanafunzi huenda chuoni kwa siku chache kila muhula na sehemu kubwa ya masomo akaifanya kwake, unastahili kupimwa kwa makini, hasa na wale ambao sanaa yao haikai ndani ya fani moja.

Mtindo huu ulianzia Marekani. Chuo cha Goddard, katika jimbo la Vermont, kilianza kuwafundisha watu wazima kwa njia hii mwaka 1963, na mwaka 1976 kikaanzisha uzamili wa uandishi wa kubuni kwa utaratibu huohuo. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mwanafunzi hukaa chuoni siku nane au kumi, mara mbili kwa mwaka, akihudhuria mihadhara na kupangiwa msimamizi. Kisha hurudi nyumbani, na kila baada ya wiki kadhaa humtumia msimamizi huyo kifurushi cha kazi pamoja na barua ya kueleza alichojaribu, alichosoma na kilichomshinda. Msimamizi naye hujibu kwa barua ndefu. Vyuo hutarajia mwanafunzi atenge takriban saa 25 kwa wiki, kwa hiyo anayedhani kwamba hii ni shahada ya kupumulia atashangaa. Chuo cha Bard, katika jimbo la New York, kilichukua njia nyingine mwaka 1981: wanafunzi hukutana kwa wiki nane za kiangazi, miaka mitatu mfululizo, na wachoraji, wanamuziki, waandishi, wapigapicha na watengenezaji filamu hukosoana wao kwa wao.

Hapo ndipo hoja ya wanaounga mkono inapopata uzito kwa mtu wa Pwani. Huku kwetu fani hazijawahi kutengana sana. Marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, aliyatia muziki mashairi ya mshairi Sheikh Ahmed Nabhany, na msikilizaji hakuuliza fasihi inaishia wapi na muziki unaanzia wapi. Leso yenyewe ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Anayeibuni anachora, anapanga rangi na kutunga maneno, huku akijua kwamba itafungwa na mtu fulani mbele ya mtu fulani, pengine kwa kusudi la kumrushia kijembe. Msanii kama huyo akijiandikisha katika idara ya kawaida ataambiwa achague kati ya uchoraji na fasihi, na kwa vyovyote vile nusu ya kazi yake itabaki nje ya mlango. Uzamili wa fani mseto humruhusu aingie na yote. Ukaazi mfupi nao humwacha karibu na wateja wake, mafundi wake na watu wanaoelewa kijembe hicho, na barua zile kwa msimamizi, zikihifadhiwa, huwa kumbukumbu ya mawazo ambayo wasanii wetu wengi hawaachi nyuma yao.

Hata hivyo, kifurushi kinachosafiri kwa intaneti hakizichukulii sanaa zote kwa usawa. Mwandishi hapotezi kitu, kwani ukurasa anaousoma msimamizi ni uleule ulioandikwa. Sasa tuchukue msanii anayefanyia kazi chakacha au lelemama, ngoma za wanawake wa Pwani. Atarekodi kwa simu ukumbini, taa za harusi zikiwaka na kuzimika, sauti ya ngoma ikipasuka kwenye kipaza sauti, na kamera ikikaa upande mmoja. Msimamizi wake aliye maelfu ya kilomita mbali ataona viuno na mavazi. Hatawaona kina mama waliopandwa na mori upande wa pili, wala hatajua ni ubeti upi uliowafanya wanyamaze. Atakosoa alichokiona, na ukosoaji huo unaweza kuwa wa busara kabisa ilhali haugusi kazi. Kwa maoni yangu, huu ndio udhaifu mkubwa zaidi wa mtindo huu, na hautibiwi kwa kununua kamera bora. Upungufu wa tanuri, mashine ya kuchapia au chumba cha kuhariria filamu ni tatizo dogo zaidi, kwa sababu vitu hivyo hukodishwa.

Kuna pia suala la viza na fedha. Programu nyingi za aina hii haziwezi kumdhamini mgeni kwa viza ya masomo, kwa kuwa sheria za Marekani humtaka anayeishika ahudhurie masomo kwa muda wote. Ada ya shahada nzima hufikia makumi ya maelfu ya dola, na tiketi za ndege hazimo humo. Tena vyuo vyenyewe havina uhakika wa kudumu: Goddard, mwanzilishi wa mtindo huu, kilifunga milango mwaka 2024 baada ya idadi ya wanafunzi kupungua mno na fedha kuwa haba.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kalenda. Vyuo vingi vya Marekani huweka ukaazi mwezi Januari na katikati ya mwaka. Januari, hoteli za Nyali na Diani zimejaa watalii, nao ndio mwezi ambao msanii anayezitegemea hapaswi kukosekana. Wanaotetea suluhisho la ndani huonyesha mfano wa walimu wa Kenya, ambao kwa miaka mingi wamesomea shahada wakati wa likizo za shule za Aprili, Agosti na Disemba bila kuacha kazi. Ni mfano mzuri unaothibitisha kwamba vyuo vyetu vinaujua utaratibu huu vizuri, hata kama haviuiti ukaazi mfupi. Lakini Agosti na Disemba ndiyo miezi ya harusi! Kinachompa mwalimu nafasi ndicho kinachompa mwanamuziki kazi. Kalenda ya msanii wa Mombasa ingefuata masika, hoteli zinapopunguza wafanyakazi, au mwezi wa Ramadhani, ambapo harusi husimama; na kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, ratiba ya chuo ingebidi isogee nayo. Sijui msajili gani atalipokea pendekezo hilo kwa furaha.

Pamoja na hayo, nauona uzito ukielemea upande wa kuanzisha programu kama hii papa hapa Pwani, badala ya kuwahimiza wasanii watafute nafasi ng'ambo. Ukaazi ukifanyika Mombasa, msimamizi ataingia ukumbini mwenyewe, na udhaifu nilioutaja utapungua. Kizuizi kikubwa ni nani atakayekubaliwa kusimamia. Marekani, uzamili wa sanaa (MFA) huhesabiwa kuwa shahada ya juu kabisa anayohitaji mwalimu wa sanaa wa chuo kikuu. Kenya, mwongozo wa mwaka 2014 wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa kawaida ulimtaka mhadhiri awe na uzamivu (PhD). Fundi aliyepiga udi kwa miaka arobaini hana, na mwenye uzamivu mara nyingi hajawahi kukaa jukwaani hadi alfajiri. Wanaoulinda mwongozo huo wana hoja: bila kipimo cha wazi, shahada za sanaa zingegawiwa kwa kujuana. Njia inayowezekana ni kuwaweka wawili kwa kila mwanafunzi, mhadhiri akibeba dhamana ya maandishi na alama, fundi akiihukumu kazi yenyewe kwa ripoti ambayo chuo kinalazimika kuizingatia, na kulipwa kwa hilo kama mtahini wa nje anavyolipwa.