Masikio au maiki: ubishi wa spika za kujitengenezea na ampu za valvu

Ukikaa na watu wanaojitengenezea spika na ampu wenyewe, hauchelewi kuukuta ubishi uleule. Kuna wanaosema muziki ni wa masikio, kwa hiyo kila kitu kuanzia kapasita ya krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa ya besi na twita ya sauti nyembamba) mpaka aina ya valvu (bomba la kioo linalokuza umeme wa sauti) unaamua kwa kusikiliza tu, na kuna wanaosema bila maiki ya kupimia na grafu ya masafa unapapasa gizani. Ampu ikiwa ya valvu ndo moto unazidi kuwaka, maana upande mmoja unaona valvu ina utamu usiopimika, upande wa pili unaona ni teknolojia ya mwaka 1906 ambayo ilitakiwa ipumzishwe baada ya transista kutoka maabara za Bell 1947. Mi naona wote wana hoja nzito, ila wote wanakosea sehemu moja, wanahukumu ampu peke yake au spika peke yake wakati sauti unayoisikia inazaliwa pale viwili hivyo vinapofungwa pamoja.

Tuanze na wa kupima. Kabla Neville Thiele wa Australia hajatoa kazi yake mwaka 1961, na Richard Small kuiendeleza miaka ya 70 mwanzoni, boksi la besi lilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya kujaribu na kurekebisha. Leo unachukua namba tatu tu za wufa, yaani Fs (masafa ya mlio wake wa asili), Vas (ujazo wa hewa unaolingana na ulaini wa koni yake) na Qts (jinsi koni inavyoshikwa isiendelee kutikisika), unapiga hesabu, unajua boksi liwe la lita ngapi na bomba la besi liwe refu kiasi gani kabla hujagusa msumeno. Sasa mtu anayeacha hesabu hiyo akakata mbao kwa kukisia halafu akaja kulalamika besi inavuma, kwa kweli hapo sioni utetezi.

Chukua na ubao wa mbele wa spika. Ukiwa na upana wa sentimita 23 hivi, kwenye hezi 500 na ushee sauti inaanza kuzunguka kwenda nyuma badala ya kuja yote mbele, na ukizidi kushuka unaweza kupoteza mpaka desibeli 6. Sikio litakwambia spika imekonda, sauti haina mwili, na litakuwa sahihi kabisa, lakini halikwambii imekonda kuanzia wapi na kwa kiasi gani, ndo maana unakuta mtu anabadilisha waya, anabadilisha kapasita, anabadilisha valvu, na dawa ilikuwa kuongeza koili ya krosova inayoilisha wufa basi. Halafu kuna hili la sauti kubwa. Ukilinganisha ampu mbili na moja iko juu kidogo tu, hata nusu desibeli, hiyo iliyo juu utaiona ina uhai zaidi na hutojua ni kwa nini. Usiposawazisha kwa voltimita hapo hujalinganisha kitu.

Lakini wa masikio nao wasidharauliwe. Maiki unaiweka ndani ya chumba, na chini ya kama hezi 300 chumba ndo kinatawala, isogeze nusu mita tu uone grafu ya besi inavyogeuka kuwa kitu kingine. Ukitaka kukikwepa chumba unakata kipimo kabla sauti iliyogonga ukuta haijarudi, tuseme milisekunde 5, sawa, ila hapo chini ya hezi 200 grafu yako haina la kukwambia. Kingine, spika mbili zinaweza kuwa na mstari unaofanana kabisa mbele ya maiki na zisisikike sawa, sababu zinarusha sauti pembeni tofauti, na hiyo ya pembeni ndo inagonga kuta ikakufikia. Alafu kuna maamuzi ambayo grafu haiwezi kukufanyia. Maeneo ya kilohezi 3 ambapo sikio la binadamu ni jepesi sana, kupunguza twita desibeli moja kwenye grafu karibu usione kitu, ila kwenye albamu nzima ya mwimbaji wa kike ndo tofauti ya kusikiliza mpaka mwisho na kuzima katikati. Hapo mwamuzi ni sikio, na sikio lililotulia, siyo la dakika mbili.

Sasa tuje kwenye valvu yenyewe. Ampu ya transista ya kawaida, ukingo wake wa kutolea sauti una ukinzani mdogo mno, mara nyingi chini ya ohm 0.1. Ampu ya valvu moja moja, yaani valvu moja inabeba wimbi zima la sauti, tuseme ya 300B (aina ya valvu) bila fidibaki (kurudisha sehemu ya sauti ya kutokea mwanzoni ili ijisahihishe), unaweza kukuta ohm 2 mpaka 3. Na spika iliyoandikwa ohm 8 siyo ohm 8 kila mahali, inaweza kushuka mpaka 6 sehemu moja na kupanda mpaka 30 kwenye mlio wa asili wa wufa au pale krosova inapokutana. Fanya hesabu na ampu ya ohm 2.5: penye ohm 6 spika inapata asilimia 71 hivi ya volti, penye ohm 30 inapata asilimia 92. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2.3 kati ya masafa fulani ya muziki na mengine! Kwenye transista ya ohm 0.1, spika ileile, tofauti ni kama desibeli 0.1. Yaani mtu akikwambia ampu yake ya valvu imeijaza besi na kuileta sauti ya mwimbaji mbele, usimcheke, huenda anasikia badiliko la kweli kabisa. Na wa kupima aliyeipima ampu hiyo kwenye rezista ya ohm 8 mezani hataliona hata kidogo, sababu rezista haipandi wala haishuki.

Na haliishii kwenye masafa tu, linaingia mpaka ndani ya boksi. Wufa yenye Qts ya 0.38, koili ya koni yake ikiwa na ohm 6, ukiifunga na hiyo ampu ya ohm 2.5 Qts inapanda inakuwa kama 0.52, kwa sababu breki ya umeme iliyokuwa inaishika koni imelegea. Boksi la bomba lililopigiwa hesabu kwa 0.38 sasa linavuma. Ndo maana mimi huwa nauliza ampu kwanza kabla sijamshauri mtu vipimo vya boksi, na ndo maana ramani nzuri ya spika ya mtu mwingine inaweza kukuangusha bila kosa lolote la fundi.

Hapo hapo tusiseme valvu zote ni tamu na nzito. Williamson alipochapisha ampu yake kwenye jarida la Wireless World mwaka 1947, wati 15 za valvu, fidibaki ya desibeli 20, distosheni (upotoshaji wa sauti) ilikuwa chini ya asilimia 0.1. Ule ukolezaji watu wanaouita joto ni zaidi wa ampu za valvu moja moja, ambazo zinaongeza mlio mdogo wa oktavu moja juu ya kila noti, wakati za jozi za kusukuma na kuvuta (valvu mbili zinazopokezana wimbi) zinaufuta sehemu kubwa. Halafu hizo za moja moja wati ni chache, 300B inatoa kama 8 tu, ukiifungia spika ya desibeli 85 kwa wati unafika 94 umbali wa mita moja na hapo ampu ishafika ukomo wake.

Na kwa anayeanza, tafadhali, ndani ya ampu ya valvu kuna volti 300 mpaka 450 za umeme wa moja kwa moja (DC) na kapasita zinaushika umeme huo hata plagi ikiwa imechomolewa. Weka rezista ya kuumwaga umeme huo, pima kwanza, ndo uguse. Tena usiiwashe bila spika au rezista ya mzigo, transfoma ya kutolea inaweza kuungua.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa pande zote mbili walifanye. Chukua ampu ya transista, funga rezista ya ohm 2.5 yenye wati za kutosha mfululizo na spika, sawazisha sauti kwa voltimita, sikiliza bila kujua ipi ni ipi. Kama ule utamu umetokea, basi uliupenda ukinzani, na unaweza kuijengea spika boksi na krosova inayoendana nao, au kama hujaupenda ukaisawazisha impedansi (huo ukinzani wa spika unaopanda na kushuka) kwa rezista na kapasita ili valvu yoyote iiendeshe bila kuipinda. Kama haujatokea na ampu ya valvu bado inakuvuta, basi hapo ubishi wa valvu ya 300B na ya EL34 una maana, na hapo nipo na wa masikio.